Kinyago cha Boksi la Tomsoni

Katuba, Jumamosi ya karnavali. Vumbi la Julai
limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya sauti.
Baridi ya asubuhi ilitung'ata masikio;
saa sita jua likatuomba radhi.

Walipita kwanza fisi wa magunia,
kisha wawili warefu, miguu ya miti,
kisha mzungu wa unga, tumbo la mto wa kulalia,
akimwandikia faini kila aliyecheka.
Tulicheka. Alituandikia. Tulilipa kwa karanga.

Halafu akaja yeye.

Uso wa boksi. Ukisogea karibu ungesoma bado
*samaki tomsoni, kilo thelathini, weka penye baridi*
chini ya mistari ya pemba na makaa,
mistari kama shamba lililolimwa na mtu mwenye subira,
mdomo wa mraba umetokeza
kama droo iliyosahauliwa wazi,
ndevu za nyuzi za magunia ya vitunguu.

Nkambo alikuwa ametuonya tangu juzi:
"Ukimjua aliye ndani, meza jina.
Likitoka, ngoma inakufa,
na deni la ngoma ni lako."

Nilikuwa na miaka tisa, na macho yangu
yaliishi karibu na miguu ya watu.
Nikaona kidole cha pili, mguu wa kushoto,
kimepanda juu ya dole gumba
kama mtoto anayetaka kubebwa.
Nilikijua kidole hicho. Kila jioni
kilirudi nyumbani ndani ya sandali za baba.

Lakini baba alikuwa amekaa pale pale,
kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini.

Basi, Kabange.

Kyungu na Kabange: tumbo moja, pemba moja
waliyopakwa siku waliyotolewa nje,
na miaka saba bila salamu
kwa sababu ya mabati kumi na nane.
Kampuni iliwaachisha kazi siku moja, karatasi moja;
fedha ya wawili ikanunua mabati,
mabati yakaezeka nyumba moja.
Mwizi ni nani? Inategemea
umelishwa bukari na nani.

Nilimeza jina. Lilikuwa na ladha ya sarafu.

Kinyago kikasimama mbele ya baba.
Ngoma zilikuwa ndoo ya rangi na jeriken mbili.
Akacheza ngoma ya mapacha, nusu yake tu:
hatua mbili kulia, kisha akaacha nafasi,
kama anayemshikia mlango mtu asiyeonekana.
Hatua mbili, nafasi. Hatua mbili, nafasi.
Watu walidhani ni munkoyo.

Mama aliacha mchi ndani ya sombe.
Baba alitazama dohani ya kiwanda
kana kwamba ndiyo iliyomwita,
halafu akavua sandali,
akazipanga vizuri, kama mlangoni kwa watu,
akaingia kwenye ile nafasi.

Mzunguko mmoja. Nilihesabu.

Kisha akatoa noti ya faranga mia tano
akaibandika kwenye paji la boksi.
Boksi halitoki jasho; noti haikushika.
Ikambidi aizuie kwa kiganja,
muda mrefu kuliko noti inavyohitaji.
"Unacheza vizuri," akasema,
"wewe nisiyekujua."

Jumapili walipishana kwenye bomba la maji.
Hakuna salamu. Madumu yaligongana, basi.
Baba mdogo alikuwa na pemba nyuma ya sikio.

Jumatatu baba alinyoa
mbele ya kile kipande cha kioo uani.
Akajipaka povu, wembe ukabaki hewani.
Kwa kidole akachora mistari kwenye povu,
kutoka puani hadi masikioni,
mmoja, mwingine, mwingine,
akajitazama.

Alijua niko mlangoni.

"Unamjua huyu?"

Nikasema hapana.